Plasta imegoma baada ya apdeti

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, kompyuta imejiapdeti usiku, asubuhi mtu anafungua picha za watu anakuta brashi yake ya kusafishia imegoma. Nimechagua nne tu. Ya kwanza ntaijibu kwa urefu manake ndani yake mna matatizo matatu yamefungwa leso moja, zile nyengine ntapita nazo mbio, msininunie.

SWALI: Shikamoo shangazi fundi. Mie napiga picha za harusi upande wa kina mama hapa Langoni, Lamu, natumia Photoshop kwenye laptopu ya Windows. Juzi nliacha laptopu kwenye chaji usiku kucha, siku hiyo intaneti ilikuwa nzuri ajabu, asubuhi nakuta imejiapdeti yote, Windows yenyewe na Photoshop pia. Sasa ile brashi ya plasta ninayotolea chunusi imegoma. Kwanza lile duara lake limepotea naona kijimsalaba tu, alafu nikipaka hakuna kinachotokea, na mara moja moja ikikubali inaacha weusi kama masizi pembeni ya uso wa bi harusi hapo nywele zinapoanzia. Nshaitoa Photoshop nkaiweka tena mara mbili, bando la wiki lote limekwenda na maji. Mmoja kaniambia ni virusi, mwengine kaniambia laptopu imechoka ninunue nyengine. Kwa fundi wa dukani siwezi kuipeleka, hizi ni picha za ndani, kina mama hawana mitandio, wajua mwenyewe. Picha zatakiwa Ijumaa na mamake bi harusi si mtu wa kuchezewa.
Mpiga picha, Langoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa bando. Laptopu nyengine usinunue, na huyo wa virusi mpe chai aende zake, kwa ulivyonieleza sioni kilichoharibika hapo. Programu imesahau tu. Photoshop ikipanda toleo kubwa haikai juu ya ile ya zamani, inakuja kama programu mpya kwenye folda yake, na kama wakati wa kuapdeti haikuambiwa ibebe setingi za nyuma basi inaanza kama ilivyotoka kiwandani. Alafu weye ukaitoa na kuiweka tena, na pale inapotolewa huuliza setingi ziachwe au zifutwe, nakisia ulibonyeza zifutwe ukitaka usafi, kwa hivyo hata kilichokuwa kimebaki kikaondoka. Saa hii una mwanagenzi mpya dukani, kazi aijua lakini hajui kwako chumvi hukaa kabati gani.

Nianze na msalaba manake ndio mwepesi. Tazama kibodi upande wa kushoto, kitufe cha Caps Lock, taa yake yawaka? Kibonye mara moja. Duara limerudi, au sio? Photoshop ndivyo ilivyo tangu zamani, Caps Lock ikiwaka brashi zote zinageuka msalaba, ni kwa ajili ya wale wanaotaka kulenga pikseli moja. Laptopu ilijizima na kujiwasha, ukaandika neno la siri kwa herufi kubwa, ukaisahau hapo hapo. Usione haya. Mie nlishakaa asubuhi nzima na tatizo hilo hilo, nikabadilisha mausi, nikapiga simu Mombasa, mpaka mwenzangu akaja na kikombe chake cha chai mkononi akabonyeza kitufe kimoja akaendelea kunywa. Na kama taa haiwaki, basi brashi yako imekuwa kubwa kupita skrini au ndogo kama tundu la sindano, cheza na vile vitufe vya mabano ya mraba, kimoja kinapunguza saizi kingine kinaongeza.

Sasa hiyo ya kupaka na kusitokee kitu. Hapa ndipo wengi wanapotoa programu na kuiweka tena bure bilashi. Kwanza hakikisha plasta uliyoishika ni ile ile. Kwenye kile kitufe kimoja cha pembeni mna plasta mbili zinafanana kama mapacha, moja ina kijiduara cha nukta nukta nyuma yake, hiyo inajichagulia yenyewe ngozi ya kuazima, weye unabonyeza tu juu ya chunusi. Nyengine haina nukta, hiyo yataka kwanza uishike Alt na ubonyeze mahali penye ngozi safi ndio uje upake penye doa, bila ya Alt haijui ichukue wapi na haitafanya kitu ila kukuletea ujumbe wa kulalamika. Tena tangu toleo la 24.5 la Mei 2023 wameongeza mwenzao wa tatu kwenye kundi hilo hilo, ile Remove, unayopaka juu ya kitu kizima kikaondoka. Kwa hivyo mkono wako wabonyeza J kwa mazoea ukidhani umeshika ile ya jana, kumbe baada ya setingi kufutika J inakupa nyengine. Shika Shift ubonyeze J mara kadhaa uone zinavyobadilishana zamu, uchague yako.

Ukishaishika ya sawa tazama juu, ule mstari mrefu chini ya menyu. Kwa maandishi yako naona weye ni msafishaji mzuri, nadhani hupaki juu ya picha yenyewe bali unaweka leya tupu juu yake, yaani kama karatasi angavu, na kusafishia humo, ili mtu akija akasema mrudishie mwanangu kile kidoto chake cha shavuni urudishe bila kulia. Vizuri sana. Lakini plasta ikitoka kiwandani inaangalia leya uliyosimama juu yake tu. Umesimama juu ya leya tupu, inaazima utupu, inapaka utupu juu ya utupu, na weye waona haijafanya kitu ilhali yenyewe imefanya kazi yake kwa uaminifu. Kwa ile plasta ya Alt tafuta kwenye ule mstari neno "Sample" ulibadilishe liwe "Current & Below", yaani iangalie leya hii na zilizo chini yake. Kwa ile ya nukta kuna kisanduku kimeandikwa "Sample All Layers", kitie tiki. Basi. Katika barua kumi za namna hii nikijibu kisanduku hiki tu ntakuwa nimepatia nyingi, na jambo linaloniudhi ni kwamba hakuna ujumbe wowote unaotokea kukwambia, iko kimya kama jiwe.

Na kabla hujaondoka hapo bonyeza Ctrl na D, kufuta uchaguzi wowote uliobaki. Pengine kuna sehemu ya picha ulishaichagua kisha ukaficha ile mistari ya wadudu wanaotembea, brashi haitagusa chochote nje ya sehemu hiyo hata upake mpaka alfajiri.

Masizi sasa. Hii si apdeti, hii ni tabia ya plasta tangu ilipozaliwa kwenye Photoshop 7.0 mwaka 2002, ila ulikuwa umeizoea setingi yako ya zamani ikawa haikusumbui. Ule mhuri wa kunakili unachukua kipande na kukibandika kama kilivyo. Plasta haifanyi hivyo, inachukua zile chembe chembe za ngozi kutoka unakoazima, lakini rangi na mwangaza inaulizia pale pale unapopaka, kwa majirani wa ukingoni mwa brashi. Sasa brashi yako ikigusa nywele hata kidogo, jirani mmoja ni mweusi ti, basi weusi wake unasambazwa mpaka kwenye paji la uso. Ndio masizi yako hayo. Dawa ni kuizuia isimuone huyo jirani, chukua kamba ya kuchagulia uzungushe sehemu ya ngozi tu, mstari wako ufuate kabisa pale ngozi inapokutana na nywele, kisha ndio upake ndani yake. Ukimaliza Ctrl na D. Wengine pale ukingoni wanaiacha plasta kabisa wanatumia mhuri na mkono mwepesi, hata mie hufanya hivyo kwenye ukingo wa mtandio wa zari manake zari ina vimeremeto vidogo vidogo na plasta inavipikia uji.

Kwenye mstari ule wa juu utaona pia neno "Diffusion" lenye namba kutoka 1 mpaka 7. Namba ndogo ni ya picha yenye chembe na vitu vidogo vidogo, namba kubwa ni ya kitu laini. Ngozi ya bi harusi chini ya poda yaweza kukaa na 5, lakini mkono wenye hina teremka 2 au 3. Na kama ulikuwa umezoea plasta ya miaka ya nyuma kabisa na hii mpya hamwelewani, ndani ya Preferences, upande wa Tools, mna kisanduku cha kurudisha hesabu ya zamani, kimeandikwa "Use Legacy Healing Algorithm for the Healing Brush".

Hapo kwenye hina ngoja nikwambie kitu, manake harusi za Lamu ni hina na piko. Zile nukta nyeusi za piko kwenye vidole, plasta ya kujichagulia inaziona ni madoa. Mikono usiisafishe kwa haraka. Mtu kalala na mikono juu saa nzima akichorwa weye unakuja kumfuta nukta tatu kwa bonyezo moja.

Kuna moja sijaitaja, kadi ya picha, ile ya ndani ya kompyuta inayochora skrini, si memori kadi ya kamera. Windows ikijiapdeti huenda ikakubadilishia na draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, na ishara zake ni nyengine na hizi zako, brashi inachelewa nyuma ya mkono, skrini inafanya viraka, au programu inajifunga yenyewe ukishika plasta tu. Ukiona hivyo ingia Edit, chini kabisa Preferences, kisha Performance, utoe tiki ya "Use Graphics Processor", funga Photoshop uifungue tena. Ikitulia basi mwenye makosa ni draiva, kachukue mpya kwenye tovuti ya waliotengeneza kadi yako kisha urudishe tiki, manake bila kadi hiyo Photoshop inaenda kama punda wa Lamu saa sita mchana. Sidhani utafika huko. Na usifute setingi tena, zishafutwa mara mbili.

Ukikosa kabisa na Alhamisi imefika, ile programu ya Creative Cloud inakubali kukuwekea toleo la nyuma, bonyeza vidoti vitatu pembeni ya jina la Photoshop utafute "Other Versions". Lakini hilo litakula bando jengine, liache liwe la mwisho.

SWALI: Hujambo dada. Niko Malindi, natumia Mac na kibao cha kalamu kusafishia picha za pasipoti na za watalii. Nimeapdeti macOS, sasa kalamu inatembeza mshale lakini nikigusa haiandiki, na ikiandika mstari una unene mmoja tu hata nikandamize vipi. Kibao nlikinunua juzi tu. Ni chumvi ya bahari imeingia?
Wa studio, Malindi

JIBU: Sisi watu wa Malindi kila kitu tunakisingizia chumvi. Safari hii haimo. Mac tangu macOS Catalina ya 2019 imekuwa na ulinzi mkali sana kuhusu programu gani inaruhusiwa kusoma unachobonyeza, na ukiapdeti ruhusa ya kibao chako inaweza kulala. Ingia System Settings, Privacy & Security, kisha Accessibility, itafute draiva ya kibao kwenye orodha, izime uiwashe tena hata kama waiona imewaka, wengi wanaangalia wanaona imewaka wanaondoka. Alafu ufanye hivyo hivyo upande wa Input Monitoring. Uzime Mac uiwashe. Ikigoma itoe hiyo draiva kwenye orodha kwa kile kitufe cha kutoa, weka draiva mpya kutoka kwa waliotengeneza kibao, na safari hii Mac ikikuuliza iruhusu, usibonyeze "baadaye" kama kawaida yetu.

Huo unene wa mstari, fungua kidirisha cha setingi za brashi utazame penye "Pen Pressure". Ukiona kipembetatu chenye alama ya mshangao hapo pembeni, Photoshop yakwambia haioni kalamu, yaani shida bado iko kwenye ruhusa au draiva, usipoteze muda kuchezea brashi.

SWALI: Salaam shangazi. Mie ni kijana wa Mkomani, Lamu, natengeneza picha kuukuu za familia, za kina bibi na babu, nyingi zina kuvu na nyufa. Sina pesa ya programu ya kulipia natumia GIMP. Nlikuwa nazungushia doa, naingia Filters, Enhance, nabonyeza Heal Selection, doa limeondoka. Nimeapdeti GIMP imekuwa 3, hiyo Heal Selection haipo tena. Nimechukua faili zake za zamani nkazinakili kwenye folda ya plagini mpya na bado haionekani. Wameiondoa?
Kijana wa Mkomani

JIBU: Hawajaiondoa mwanangu manake haijawahi kuwa yao. Hiyo Heal Selection ni ya plagini, yaani kiongezo cha programu, ya watu wengine, Resynthesizer, kuna mtu alikuwekea zamani au uliiweka mwenyewe ukasahau. GIMP 3.0 ilitoka tarehe 16 Machi 2025, karibu miaka 7 baada ya 2.10, na ndani yake wamebomoa kuta nyingi. Plagini nyingi za 2.10 ziliandikwa kwa Python 2, na Python 2 yenyewe watunzaji wake waliifungia kazi tangu 1 Januari 2020, GIMP 3 inataka Python 3 na njia mpya ya kuzungumza na programu. Kwa hivyo kunakili faili za zamani hakusaidii hata ukizinakili mara mia, ni ufunguo wa nyumba iliyovunjwa. Tafuta Resynthesizer iliyoandikwa kwa ajili ya GIMP 3 hasa, na ukiwa na kazi ya haraka iweke 2.10 irudi ikae kando ya 3, kila moja ina folda yake ya setingi hazigombani. Angalizo moja tu, picha uliyoihifadhi kwa mtindo wa GIMP yenyewe, XCF, ndani ya 3 inaweza kukataa kufunguka kwenye 2.10, kwa hivyo ukitaka kuirudisha nyuma toa nakala ya TIFF.

Lakini mie ningekushauri utumie huu ukame kujifunza plasta ya mkono. Bonyeza H, shika Ctrl (si Alt, hiyo ni ya Photoshop), bonyeza mahali pasafi, achia, paka penye doa kwa vijibonyezo vidogo vidogo, usiburure. Brashi iwe kubwa kuliko doa kidogo tu. Kwenye GIMP sisumbuki na leya tupu, narudufu picha nzima nafanyia kazi ile nakala, nikikosea naitupa. Na kabla ya yote futa kioo cha skana, tena ukifute vizuri, nusu ya "kuvu" ninayoletewa ni vumbi la dukani. Skani kwa 600 dpi (nukta kwa inchi), na kama picha ni ile ndogo ya kitambulisho nenda 1200, ukipunguza hapa hakuna brashi itakayokurudishia.

Kuvu yenyewe utaiona kama vinukta vyeupe vimetapakaa, kwetu huku kwa unyevu wa bahari haikosi, hasa picha zilizotundikwa ukutani zikagusa kioo. Ndio maana watu wanaipenda Heal Selection na brashi za kujichagulia, nukta mia mbili kwa mkono zinachosha. Ila mie zilishaniumbua. Nliletewa picha ya bibi mmoja, kakaa kitini, mikono magotini, ukutani nyuma yake pamejaa kuvu. Nikapitisha plasta ya kujichagulia kila mahali nikizungumza na simu, ikatoka safi kama imepigwa jana, nikaichapisha nikaitia fremu. Binti yake, naye ni mtu mzima, akaishika kwa muda bila kusema, mie nikadhani analia kwa furaha, kisha akaniuliza mbona mama hana kipini. Kipini cha dhahabu puani, kwenye picha kuukuu ya rangi mbili kilikuwa kinukta cheupe, na programu haina macho ya kujua kinukta kilicho puani na kinukta kilicho ukutani. Nikairudia kazi nzima bure, na kwa kuwa nlikuwa nimepaka juu ya picha yenyewe hata cha kurejesha sikuwa nacho, ikabidi niskani upya. Tangu siku hiyo uso naufanya mwisho, kwa mkono, simu nimeizima, na ile picha ya asili iko dirisha la pili hapo pembeni.

SWALI: Shangazi nimechoka. Napiga picha za nyumba za wageni Shela na kila baada ya apdeti naanza upya. Nizizime zote milele?
Wa Shela

JIBU: Milele hapana, mna viraka vya usalama humo na weye waingia benki kwa laptopu hiyo hiyo. Lakini apdeti haina haki ya kukuchagulia siku. Kwenye Windows 11 waweza kuisimamisha mpaka wiki 5, isimamishe msimu wa kazi ukianza, uifungulie kazi ikiisha. Ukiwa watumia bando la simu, ingia kwenye setingi za mtandao huo uuwekee alama ya "Metered connection", Windows itaacha kuvuta mizigo mikubwa nyuma ya mgongo wako. Na kama bado uko Windows 10, apdeti zake za kawaida zilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo wewe shida yako ni nyengine.

Upande wa Photoshop, kwenye Creative Cloud zima kujiapdeti, na siku utakayoamua kuapdeti mwenyewe fungua zile chaguo za ndani, acha tiki kwenye "Import previous settings and preferences" na uitoe kwenye "Remove old versions". Toleo la zamani likae mpaka jipya limalize kazi moja nzima bila kukusumbua. Brashi zako na zile kazi za kujiendesha zitoe kwenye faili uziweke kwenye flashi, ni dakika mbili. Usishangae pia diski ikijaa ghafla baada ya apdeti kubwa ya Windows na Photoshop ikaanza kulalamikia nafasi, kuna folda inaitwa Windows.old imehifadhi mfumo wako wa nyuma, hujiondoa yenyewe baada ya siku 10, na ndani ya siku hizo 10 ndio una ruhusa ya kurudi ulikotoka kupitia Recovery. Kwa hivyo kama apdeti imekuharibia kazi amua mapema, na ukishaamua kubaki, ifute upate nafasi.

Kabla ya kurasa hizi kwenda mtamboni yule wa Langoni kaniletea ujumbe. "Shangazi ilikuwa Caps Lock NA Sample, zote mbili, masizi pia yameondoka. Usiandike jina langu. Sasa mamake bi harusi kaziona za bintiye ataka na yeye atolewe mikunjo ya shingo yote, nimfanyeje?" Isafishe yote kwenye leya tupu yake peke yake kama anavyotaka, kisha shusha opasiti ya leya hiyo, yaani ukolezo wake, mpaka asilimia 50, mikunjo irudi nusu. Ukimpa shingo ya miaka ishirini atakurudishia picha.